Sanduku la Christabel

Pioneer, Eldoret
15 Januari 2024

Shemeji Sista Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo.

Natumai barua hii itakukuta mzima huko monasterini, wewe na Mama Mkuu na watawa wenzako wote. Sisi huku hatujambo. Asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, mchana jua, na pikipiki za Pioneer haziishi kelele. Joy wetu anakusalimu. Mdogo wake Lenny yuko Mombasa kikazi, naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba anakusalimu. Najua huko ndani unaitwa Veronika, lakini nikisahau nikaandika Nekoye unisamehe, maana ndilo jina nililokuwa nikilisikia nyumbani kwangu kila siku.

Nina jambo moja rasmi. Tarehe 18 Mei itakuwa mwaka mmoja tangu mke wangu, dada yako, Christabel Nanzala, atutoke. Siku hiyo ni Jumamosi, nimekwisha kuangalia kalenda. Kutakuwa na Misa ya makumbusho kule kwetu Sugoi, karibu na kaburi, na Padre amekubali. Historia ya marehemu itasomwa kama ilivyo desturi. Nimeitangazia jumuiya kwamba safari hii nitaiandika mwenyewe na kuisoma mwenyewe. Mimi nimekuwa karani wa ghala la nafaka miaka thelathini na mmoja. Hakuna gunia lililotoka mikononi mwangu na jina la mtu mwingine, na mke wangu hatatoka na maisha ya mtu mwingine mara mbili.

Labda hukuwahi kuambiwa kilichotokea siku ya mazishi. Programu ya mazishi tuliipeleka kwenye saiba moja, duka la kompyuta hapa mjini. Mwenye mashine alikuwa amechapisha ya mama mwingine wiki hiyohiyo, kwa hiyo akaifungua ile akabadilisha majina. Majina mengine aliyabadilisha, mengine akayasahau, na maisha akayaacha yaleyale. Basi mbele ya umati mzima ikasomwa kwamba Christabel alikuwa nguzo ya kwaya, sauti ya pili, kwa miaka ishirini na minne. Christabel! Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sikuwa na nguvu hata ya kuinua mkono. Watu waliitikia Amina, na tangu siku hiyo imekuwa kweli. Mwalimu wa kwaya, Austine, kila akinikuta hunishika mkono akaniambia pengo la sauti ile halijazibika. Ni yeye huyohuyo aliyemwondoa mazoezini mwaka 2009, kwa maneno ya heshima.

Sehemu yangu nimemaliza, kurasa nne. Nimeandika tulivyokutana ghalani Agosti 1990, alipokuja kuuza mahindi ya baba yenu, akanisahihishia hesabu mbele ya foleni. Nimeandika ndoa yetu ya 1992, watoto, uongozi wake wa jumuiya, na jinsi alivyokuwa akiwaombea wagonjwa kwa sauti ya amri mpaka wengine wakainuka kitandani kwa woga. Nimeandika pia siku niliyomposa. Aliniambia, "Lawrence, watawa wamenikataa kwa sababu ya pumu. Ukinitaka na kifua hiki, sema." Nikamwambia kifua nitakitunza. Na nilikitunza. Kila siku ya ndoa yetu niliamka saa kumi na moja nikamchemshia chai, ili asitoke kwenye baridi kabla kifua hakijapata moto. Hilo la chai sitalisoma, mzee mzima hawezi kusimulia mambo ya sufuria mbele ya watu.

Ninachokosa ni Christabel kabla yangu. Niandikie alivyokuwa mtoto, na unieleze vizuri ule mwaka wa 1991, maana yeye aliniambia mara moja tu, kisha akanikataza kuuliza. Nataka niandike kwa heshima kwamba alimtaka Mungu kwanza, watawa wakasema hapana, nikampata mimi. Sina kinyongo. Waliyemkataa wao alinitosha.

Shemeji yako,
Lawrence Kituyi


Monasterini
27 Januari 2024

Shemeji Lawrence,

Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele.

Sauti ya pili! Nimecheka mpaka Sista wa jikoni akaja kuuliza kama nimepaliwa. Shemeji, baba yetu Mzee Wabuge, Mungu amrehemu, alikuwa akikama ng'ombe wa shamba la mtu pale Sugoi, nasi tulikuwa tukimsaidia kabla ya shule. Alimkataza Christabel asiimbe ndani ya zizi. Si kwa ukali, alimwomba tu kama unavyomwomba mtu mzima. Alisema ng'ombe wanazuia maziwa. Mimi sikuamini, nikamwambia Christabel aimbe tuone. Akaimba wimbo wa kutoa sadaka. Ndoo ikabaki nusu.

Andika hilo. Andika pia kwamba ng'ombe wote wa pale aliwapa majina ya watakatifu. Siku moja Padre alifika kubariki shamba, akamsikia akiita, "Monika, sogea mguu!" Akamwuliza kama haoni ni kumkosea heshima mtakatifu. Christabel alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alimjibu, "Padre, Monika ndiye anayetoa maziwa mengi kuliko wote."

Nilipokuwa darasa la tatu niliugua miguu, sikuweza kutembea muhula mzima. Alinibeba mgongoni kwenda shule na kurudi, na njiani alikuwa akinifundisha jedwali la kuzidisha. Nikikosea ananitikisa. Mpaka leo nikifika saba mara nane mgongo unanishtuka. Sikuweza kuja kumzika, unajua kanuni yetu, hatutoki nje, lakini siku ile tulimwimbia Misa ya marehemu hapa ndani na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Niliimba vizuri kwa makusudi, kwa niaba yake.

Kuhusu mwaka 1991 sina mengi. Andika tu kwamba mdogo wake aliingia utawa na yeye akabaki kuwatunza wazazi. Habari ya pumu mimi ningeiacha, haina faida kwa msikilizaji.

Nakuombea kila siku katika masifu ya asubuhi.

Dada yako katika Kristo,
Sista Maria Veronika


Pioneer
11 Februari 2024

Shemeji,

Tumsifu Yesu Kristo.

Asante kwa habari za ng'ombe, nimeziingiza zote. Lakini sasa nina swali jingine na naomba unijibu haraka.

Jana nilikuwa nikitafuta cheti chake cha ubatizo, nipate tarehe sahihi. Nikafungua mkoba alimokuwa akiweka sare yake ya Chama cha Wanawake Wakatoliki. Ndani ya kile kitambaa cha kichwa, kilichokunjwa vizuri kabisa, nikakuta barua. Imetoka kwenu, imeandikwa tarehe 9 Januari 1991, na ina sahihi ya Mama Mkuu wa wakati huo. Inasema, "Tunafurahi kukujulisha, binti Christabel, kwamba umekubaliwa. Ufike tarehe 2 Februari ukiwa na vitu vifuatavyo." Halafu orodha: shuka mbili nyeupe, blanketi, viatu vyeusi, sahani na kikombe cha bati, sanduku lenye kufuli. Pumu haikutajwa popote.

Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hawakumkataa. Na wewe, Nekoye, uliingia mahali hapohapo, tarehe hiyohiyo 2 Februari. Tarehe hiyo naijua vizuri, maana kila mwaka siku hiyo alikuwa akienda Misa peke yake na kurudi na macho mekundu. Nilifikiri ni ibada, kumbe nilikuwa sijui kitu. Mtu hahifadhi miaka thelathini na miwili barua ya jambo asilolitaka.

Nakuuliza kama ndugu. Je, ulichukua nafasi yake? Aliachishwa na wazazi ili uende wewe, akanipata mimi kwa kukosa? Nitasimama mbele ya watu kusema habari za ndoa yetu, na sasa sijui nilikuwa nimeoa mtu aliyetaka kuwa wapi.

Lawrence


Pioneer
4 Machi 2024

Sista,

Wiki tatu sasa. Posta nimekwenda mara sita. Barua yangu ya kwanza uliijibu kwa siku kumi na mbili, kwa hiyo najua njia iko wazi.

Nimesoma tena uliyoniandikia Januari. "Sina mengi." "Ningeiacha." Karani anajua mtu anapofunika jambo kwa mkono akijifanya anajikuna. Ulijua na ukanyamaza. Yeye alijua akanyamaza. Mimi ndiye mtu pekee katika ndoa yangu ambaye hakujua.

Sema tu ndiyo au hapana.

L. Kituyi


Pioneer
17 Machi 2024

Sista Veronika,

Nimemwambia Padre kwamba tarehe 18 Mei hakutakuwa na Misa Sugoi. Nimemwomba amtaje tu katika nia za Misa ya Jumapili kama marehemu wengine. Zile kurasa nne nimezirudisha kwenye bahasha.

Ukimya wako nimeupokea kama jibu.

L. K.


Eldoret mjini
20 Machi 2024

Mama mdogo mpendwa,

Ni mimi Joy. Naandika nikiwa ofisini wakati wa lanchi, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Nilijaribu kupiga simu huko kwenu. Sista wa mlangoni akaniuliza, "Kuna kifo?" Nikamwambia kifo kilishatokea mwaka jana. Akasema simu ni ya dharura, niandike barua. Basi ndiyo hii.

Mama mdogo, Baba hayuko sawa. Tangu apate ile barua ya Mum ya zamani amekuwa na stress ya ajabu. Habishani na mtu. Wewe unamjua, Baba bila kubishana ni mgonjwa. Ameacha kuchemsha chai. Unajua hata baada ya Mum kwenda bado alikuwa anaamka saa kumi na moja anachemsha vikombe viwili, kimoja ananiachia kwenye flaski, na mimi wala sinywi chai mapema hivyo, lakini nilikuwa nakunywa. Sasa anaenda kukaa kibandani kwa Mama Nekesa pale steji, ananunua ya strungi, isiyo na maziwa, anarudi. Jiko halijawashwa mwezi mzima kama si mimi.

Juzi nikamwuliza, "Baba, kwani shida ni nini? Alikaa na wewe miaka thelathini na moja." Akaniambia, "Hata mfungwa hukaa." Nikalia, Mama mdogo. Sijui alikuwa anamaanisha Mum ndiye mfungwa ama yeye.

Watu wa jumuiya wameshangaa kwa nini makumbusho yamefutwa. Mimi nimewaambia ni mambo ya familia. Kama kuna kitu unajua, tafadhali mwambie, hata kama ni kibaya. Baba anaweza kubeba kibaya. Hiki cha kutojua ndicho kinamshinda.

Mtoto wako,
Joy


Monasterini
2 Aprili 2024
Jumanne ya Pasaka

Lawrence, ndugu yangu,

Kristo amefufuka!

Barua zako tatu na ya Joy nimepewa kwa mpigo, Jumapili ya Pasaka baada ya chakula. Lawrence, wewe ni Mkatoliki wa tangu kubatizwa. Ile barua yako ya swali ilifika hapa siku mbili baada ya Jumatano ya Majivu. Sisi hatupokei wala hatuandiki barua wakati wa Kwaresima. Mama Mkuu huziweka kwenye droo mpaka Bwana afufuke. Christabel alilijua hilo, ndiyo maana kila mwaka barua yake ilikuwa inafika kabla ya Majivu, na ndani yake amejaza habari za kunitosha siku arobaini. Nilifikiri na wewe unajua. Kumbe kalenda ya nyumba ilikuwa kichwani mwake.

Nimekusoma ukinikasirikia mpaka kwenye sahihi. Kwanza Lawrence, kisha L. Kituyi, kisha L. K. Ungeandika ya nne ungeweka nukta tu.

Sasa sikiliza. Januari nilikuficha, ni kweli. Nilifikiri namlinda. Nakueleza yote, na mahali nilipokosea nitakuambia.

Watawa walimkubali. Jumuiya nzima ya Sugoi ilifurahi, kila nyumba ikatoa kitu kwenye ile orodha. Mama Nduta wa duka alitoa shuka mbili nyeupe. Baba alimnunulia kufuli. Sanduku la bati likapakwa rangi, likaandikwa C.N.W. kwa herufi kubwa. Usiku wa kuamkia safari Christabel alinivuta nyuma ya zizi akaniambia, "Mimi siendi. Nimempata karani." Hakulia. Alikuwa anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Alisema amesali miezi mitano Mungu amwondolee sura yako, na kila akifumba macho anakuona unapiga mhuri.

Ni mimi niliyelia, kwa sababu nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa naitaka ile barua tangu siku ilipofika. Nilikuwa naiiba nikaisoma shambani kama ni yangu. Nikamwambia. Akasema, "Basi sanduku limeshafungwa. Nenda."

Asubuhi tulimwambia Baba. Baba aliogopa jambo moja tu, watu. Watu wametoa shuka na blanketi kwa ajili ya Mungu, halafu wasikie binti amebaki kwa ajili ya kijana wa ghalani? Wewe ndiye ungeitwa mwizi aliyeiba kanisani, Lawrence. Usingepata mke Sugoi, na labda hata mtu wa kukuuzia mahindi. Christabel ndiye aliyesema, "Tuseme watawa wamebadili neno dakika ya mwisho, ni kifua." Pumu alikuwa nayo kweli, ile kidogo ya msimu wa baridi. Hivyo ndivyo uongo ulivyozaliwa, na ulikuwa wa kukukinga wewe.

Mimi nilipofika hapa na sanduku la mtu mwingine, Mama Mkuu aliangalia herufi, akaniangalia, akasema nikae jikoni mpaka Jumamosi nipate gari la kunirudisha. Jumamosi gari halikuja. Nimekaa miaka thelathini na mitatu. Shuka moja ya Mama Nduta bado ninayo, imekuwa nyembamba kama hostia.

Yale macho mekundu ya tarehe 2 Februari, Lawrence, yalikuwa ni ya kwangu. Hiyo ndiyo siku tuliyoachana barabarani. Tangu siku hiyo tulionana kupitia wavu wa chuma wa chumba cha wageni tu, na mara tano tu. Kama alilia kwa kukosa kitu, alilia kwa kunikosa mimi, nami humu ndani nililia siku hiyohiyo.

Mahali nilipokosea ni hapa. Nilikuambia uache habari ya pumu kwa sababu niliogopa ukichimba utakuta kwamba mimi niko hapa kwa barua isiyo yangu. Wewe uliogopa kwamba umepewa mke aliyebaki. Mimi nimeogopa maisha yangu yote kwamba nimepewa mwito uliobaki. Mwaka 1993, kabla ya nadhiri zangu za kwanza, nilimwandikia Christabel nikamwuliza waziwazi kama nimekaa kwenye kiti chake. Jibu lake nimelitunza ndani ya sanduku lake. Leo Mama Mkuu ameniruhusu nikupelekee. Ni lako sasa, mimi nalijua kwa moyo.

Usifute Misa.

Nekoye


Pioneer, Eldoret
12 Septemba 1993

Nekoye mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Unaniuliza kama umekaa kwenye kiti changu. Kiti gani? Sanduku lilikuwa na jina langu, lakini miguu iliyopanda barabara ni ya kwako. Mungu si kipofu. Angekuwa ananitaka mimi asingekuacha wewe uiibe ile barua mpaka ikapata alama za vidole vya unga. Uliziona? Mimi niliziona wiki ya kwanza, nikanyamaza.

Na hebu fikiri, watawa wako wanaimba mara saba kwa siku. Mara saba! Ningekuja mimi, kufikia Pasaka mngekuwa mmebaki na kuta tu. Piga nadhiri zako kwa amani.

Mimi niko sawa. Joy ana miezi minne na ana kichwa cha baba yake, Mungu amsaidie. Unaniuliza kama ninajuta. Nekoye, nina mwanamume anayeamka saa kumi na moja, giza, baridi ya Eldoret unaijua, anawasha jiko na kunichemshia chai kwa sababu ya kifua changu. Anapuliza makaa huku anajiambia habari za magunia. Halafu analeta kikombe kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Mimi wakati huo niko macho zamani, lakini ninajifanya nimelala ili niamshwe. Kuna kitu gani cha kujutia hapo?

Ukweli wa 1991 sitamwambia. Hapo mwanzo nilinyamaza kwa ajili ya Baba na watu. Sasa nanyamaza kwa ajili yangu. Wewe humjui Lawrence. Siku akijua kwamba niliwekwa kati yake na Mungu nikamchagua yeye, kichwa hakitapita mlangoni. Na chai itaisha siku hiyohiyo, ataanza kungoja achemshiwe. Labda nitamwambia tukizeeka, au sitamwambia kabisa.

Barua ya watawa nimeificha kwenye nguo zangu. Lawrence akinikasirisha sana huwa naitoa nikasoma pale mlipoandika kwamba mnaamka saa tisa usiku, namsamehe papo hapo.

Niombee kifua, baridi imeanza. Nami nakuombea koo.

Dada yako anayekupenda,
Christabel


Pioneer, Eldoret
20 Mei 2024

Shemeji Nekoye, Sista Maria Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza, zile barua zangu mbili za Machi uzichome. Ile ya Februari unaweza kuiweka ili ujinyenyekeze nayo, maana hata wewe hukuwa malaika katika jambo hili. Pili, nimeinunua kalenda ya liturujia na nimeipigilia ukutani jikoni. Jumatano ya Majivu mwakani ni tarehe 5 Machi. Barua yangu itafika kabla, na itakuwa nene.

Nilikwenda kwa Padre siku ileile barua yako ilipofika. Sikumpa maelezo, nilimwambia tu Misa ipo. Akaniuliza, "Mzee Kituyi, una hakika?" Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika kama leo. Nikazitoa kurasa nne kwenye bahasha na zikawa saba.

Mvua ilinyesha Sugoi usiku kucha, matope mpaka magotini, lakini watu walijaa. Nilisimama mbele ya kaburi na miwani yangu na nikaanza na kwaya. Nikasema waziwazi kwamba programu ya mwaka jana ilikosea, kwamba marehemu hakuwa anaimba, alikuwa anajaribu, na ng'ombe wa Sugoi ni mashahidi. Austine aliinamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na akacheka mpaka akavua kofia. Watu wote wakacheka. Nilimsikia Christabel pale, nakuambia.

Nikasoma habari za Monika na maziwa yake, na za mgongo wake uliokubeba kwenda shule. Kisha nikafika mwaka 1991. Joy akaja akasimama karibu nami. Nikasema, "Watu wa Sugoi, mwaka 1991 mlichangia sanduku la binti wa Wabuge aende utawani. Baadaye mliambiwa alikataliwa kwa sababu ya pumu. Hakukataliwa. Alikubaliwa kwa barua, na barua hii hapa. Alikaa kwa sababu yangu."

Niliona wazee wakiangaliana, nikajua ndiyo hiyo aliyoiogopa baba yenu. Halafu kule nyuma Mama Nduta, ambaye siku hizi haoni vizuri na ameletwa na mjukuu, akainuka kwenye kiti akapaza sauti: "Na shuka zangu je?"

Nikamwambia, "Mama, zilifika. Mdogo wake alizibeba, na moja analalia mpaka leo huko monasterini."

Akasema, "Kumbe! Mimi miaka hii yote nilikuwa nadhani Wabuge amezilalia!" Akakaa chini, kisha akainuka tena. "Basi hatukupoteza kitu. Tulitoa mmoja, Mungu akapata mmoja, na huyu karani akapata mmoja." Vigelegele vikapigwa, Shemeji, mpaka Padre mwenyewe akapiga makofi.

Baada ya hapo sikuweza kuficha lolote. Nilisoma na chai. Ndiyo, mbele ya watu, sufuria na makaa na yote. Kisha nikasoma barua yake ya 1993, neno kwa neno, hata pale anaposema alikuwa macho akijifanya amelala. Nikafika hapo, nikaishusha karatasi. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nikitembea kwa ncha za vidole nisimwamshe! Joy alinishika mkono, na yeye ndiye aliyemalizia kusoma. Akina mama walikuwa wanawaangalia waume zao kwa jicho baya, na wanaume walikuwa wanaangalia matope.

Nimelia, Nekoye, na sitaki ufikiri ni kwa huzuni tu. Nilikuwa nikijivuna. Ninamkosa kila saa, nyumba ni kubwa mno, lakini ninajivuna.

Jana, Jumapili ya Pentekoste, niliamka saa kumi na moja. Nikawasha jiko kwa mara ya kwanza tangu Februari. Nikachemsha vikombe viwili. Cha Joy nikakiweka kwenye flaski, naye ameniambia kwa mara ya kwanza kwamba huwa hapendi chai ya mapema, nikamwambia anywe tu. Cha pili nilikipeleka chumbani kwa mikono miwili, nikakiweka kwenye stuli upande wake wa kitanda, nikakaa. Kilipopoa nikakinywa mimi.

Wewe unasali mara saba kwa siku na yeye yuko karibu na Anayesikiliza, kwa hiyo nikupe ujumbe umfikishie. Mwambie Lawrence amejua. Mwambie kichwa kweli kimekuwa kikubwa, kama alivyosema. Na mwambie chai bado anachemsha.

Shemeji yako,
Lawrence Kituyi